Hiyo mashine inakula volti ngapi?

Dukani hilo ndo swali namba moja. Mtu anashika jagi la umeme, analigeuza juu chini, anauliza hili linakula volti ngapi, mi nataka la volti chache lisinimalizie LUKU. Na jibu langu ni lile lile kila siku, mama yangu majagi yote humu ndani ni volti 220 mpaka 240, la volti chache ukilipata ujue umepata balaa, unachotafuta wewe ni wati. Afu anakuangalia kama vile unamzungusha umuuzie la bei kubwa. Sasa nimeamua niandike kabisa, mtu akiuliza namtumia linki, maana kuelezea haya mambo huku wengine wamepanga foleni wanataka kupimiwa chaja haiwezekani.

Tuanze na jagi lenyewe. Ligeuze, chini kuna stika, mengi yameandikwa hivi: 220-240V, 50/60Hz, 1850-2200W. Hiyo V wala sio kiasi jagi linachokula, jagi halili volti. Hiyo ni sharti, inakwambia nichomeke kwenye umeme wenye volti kati ya hizi, nje ya hapo usinilaumu. Bongo umeme wa nyumbani ni volti 230, Kenya wanaandika 240, Oman nao 240, kwa iyo jagi hilo linahama na wewe popote hapo bila shida. Hiyo W sasa ndo ulaji. Wati ni kasi ya kula umeme, kila sekunde inayopita jagi limemeza kiasi gani.

Sasa hapo kwenye 1850-2200 wateja wengi wanadhani ni kama jiko lina moto mdogo na moto mkubwa. Hamna. Jagi lina swichi moja tu, linawaka au limezima. Maana yake ni kwamba ukilipatia volti 220 litakula wati 1850, ukilipatia volti 240 litakula 2200, jagi ni lile lile na waya wa ndani ni ule ule. Kama unabisha chukua simu yako, gawa 240 kwa 220, jibu lake lizidishe lenyewe kwa lenyewe unapata 1.19, afu 1850 mara 1.19, inakuja 2,200 na vichenji. Mi naipenda sana hii stika, maana kila kitu nachotaka kusema leo kipo chini ya jagi na hakuna anayekisoma.

Kwa nini unazidisha jibu lenyewe kwa lenyewe? Kwa sababu wati inapatikana kwa volti mara ampia, na volti ikipanda kwenye kitu cha kupasha joto, ampia nazo zinapanda pamoja nayo. Yaani vyote viwili vinaongezeka, wati zinaruka.

Shuleni walitufundisha kwa mfano wa tenki la maji na bomba, mi ule mfano haujawahi kuniingia vizuri, bora niseme makuli wa sokoni. Kuna uchochoro unaingia stoo na makuli wanapita na magunia. Volti ni uzito wa gunia alilobeba kila mmoja. Ampia ni makuli wangapi wanapita pale mlangoni kwa sekunde. Wati ni mzigo wote unaoingia stoo kwa sekunde. Makuli mia na magunia ya kilo kumi kumi, au makuli kumi na magunia ya kilo mia mia, mwenye stoo kwake ni sawa, mzigo umeingia ule ule. Anayejua tofauti ni uchochoro. Wakipita mia wanabanana, wanasuguana kwenye kuta, joto linapanda, na uchochoro wenyewe ndo waya wako wa umeme. Shika hapo kwenye uchochoro maana nitarudi sana.

Kwa iyo volti kubwa peke yake haikwambii kitu kina nguvu kiasi gani. Fensi za umeme zinazopigwa juu ya kuta kule Mbezi na Masaki zinapiga maelfu ya volti, lakini kwa mapigo mafupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde afu inapumzika, mtu anarushwa na anatukana lakini ile imetengenezwa imfukuze sio imuue. Gunia zito ajabu, kuli mmoja anapita anapotea. Chukua upande wa pili betri ya gari, volti 12 tu, unaweza ukaishika kwa mikono mikavu husikii chochote, ila fundi akiangusha spana ikagusa pini zote mbili pale juu, zinapita mamia ya ampia, spana inapiga cheche, inajichomelea na wakati mwingine inawaka nyekundu kabisa. Volti 12 hizo. Ndo maana mafundi wa magari wenye akili wanavua pete na saa.

Turudi nyumbani. Jagi la wati 2000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampia 9. Zile plagi zetu za miguu mitatu minene zina fyuzi ndani imeandikwa 13, hizo ni ampia, zidisha kwa 230 unapata wati kama 3,000, huo ndo mwisho wa plagi moja. Sasa nenda saluni yoyote mtaani uangalie ekstensheni. Draya ya kukalia, draya ya mkono, pasi ya nywele, na jagi la dada wa chai pembeni, vyote kwenye ekstensheni moja ya waya mwembamba uliojikunja chini ya kiti. Hapo umeshafika wati elfu tano na kitu. Na ukifungua plagi ya hiyo ekstensheni unakuta fyuzi imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwamba ilikuwa inakata kata inasumbua wateja. Ilikuwa inafanya kazi yake jamani! Ukiona plagi ina alama ya kahawia na plastiki imeanza kulegea, volti wala haina kesi hapo, ni wati zimezidi, makuli wamejaa uchochoroni.

Halafu kuna kesi iliyo kinyume na ya jagi. Dada mmoja alileta rais kuka ya mtumba kutoka Japani, nzuri kweli, ina maua pembeni, alisema aliichagua kwa sababu imeandikwa wati 700, akaona hii haitanila umeme. Kaichomeka, imetoa moshi kabla mchele haujachemka. Wati kazisoma, volti hakuzisoma. Japani umeme wao wa nyumbani ni volti 100. Sasa piga ile hesabu ya stika ya jagi, 230 gawa kwa 100 ni 2.3, zidisha kwa 2.3 tena ni 5.29. Wati 700 mara 5.29 ni zaidi ya 3,700. Kitu kilichotengenezwa kimeze wati 700 kinamezeshwa 3,700, kitabaki kweli? Bado kuna watu wanaambiwa na muuzaji eti badilisha plagi tu inaingia vizuri. Plagi inaingia ndio, ndo tatizo lenyewe.

Mizigo ya ndugu kutoka Marekani ni hivyo hivyo, kule volti 120, blenda anayokuletea shangazi ukiichomeka moja kwa moja itasaga mara moja ya mwisho. Unahitaji transfoma ya kushusha, na hapo kwenye transfoma watu wanaangalia volti peke yake wanasahau kwamba nayo ina wati zake. Ukiweka blenda ya wati 1000 kwenye transfoma ya wati 300, volti ziko sawa kabisa ila transfoma inapata moto mpaka inanuka. Na ukisafiri wewe na jagi lako la 230 kwenda Marekani halitaungua, litakuchosha tu, wati 2000 zinashuka mpaka kama 540, chai utaisubiri mpaka usahau.

Hii ndo kanuni nawaambia vijana wanaojifunza kwangu: volti ilingane, wati isizidi. Volti ya kifaa na ya pale unapochomeka lazima zifanane. Wati ya kile kinachotoa umeme, iwe soketi, adapta, transfoma, inveta au jenereta, iwe sawa au kubwa kuliko ya kifaa, ikiwa kubwa haidhuru. Mtu ananiuliza simu yangu ilikuja na chaja ya wati 10, nikitumia ya wati 65 haitaungua? Haiungui kaka, simu inachukua inachotaka, hizo nyingine zinabaki kwenye chaja. Lakini redio ya volti 9 ukaipa adapta ya volti 12 eti kwa sababu kichwa kimeingia, hiyo ya 12 inasukumwa hata kama redio haiitaki.

Tuje kwenye umeme mdogo, hili ni la kila siku kwa wanaokaa mwisho wa laini. Jioni saa moja, kila nyumba imewasha, transfoma ya mtaa iko mbali, nguzo ya kwanza wanapata 225, sisi wa mwisho tunapata 170. Ile testa ya bisibisi haitakwambia, kenyewe kanawaka tu ukiwa na 230 au 170, pima kwa mita. Sasa volti 170 inafanya nini? Inategemea kilichochomekwa. Pasi na jagi vinapoa tu, jagi la wati 2000 linakuwa kama la 1,100, unasubiri zaidi lakini haliharibiki. Chaja za simu na laptopu nyingi zimeandikwa 100-240V, hizo hazina habari, volti zikipungua zinavuta ampia zaidi, mzigo unabaki ule ule. Balaa ni friji na pampu. Mota ya friji ikianza kuwaka inahitaji msukumo, volti hazitoshi, inashindwa kuzunguka, inanguruma hapo hapo ilipo huku inavuta ampia nyingi mno, na ampia ndo joto. Unasikia ngrrr, tik. Ngrrr, tik. Hiyo tik ni kinga ya kompresa inakata. Siku moja haitakata. Kwa iyo friji inaweza kufa kwa umeme mdogo kama inavyokufa kwa umeme mkubwa, watu hawaamini hili, wanafikiri umeme ukiwa dhaifu kitu kinapumzika.

Na stabilaiza usinunue kwa kuangalia volti tu. Angalia inapokea kuanzia volti ngapi, kuna zinazoishia 180, ukiwa na 160 yako haikusaidii kitu, halafu angalia inabeba mzigo gani.

Sasa LUKU, maana ndo ilianzisha ugomvi wote. Uniti moja ni wati 1000 zikiliwa kwa saa moja. Ni kuzidisha, wati mara saa, gawa kwa elfu. Wati ni kasi, uniti ni jumla ya kilicholiwa. Jagi la lita 1.7 la wati 2000 likijaa linachemka kwa dakika tano hivi, hiyo ni kama moja ya sita ya uniti. Sasa yule mama anayetaka jagi dogo la wati 1000 alipie kidogo, lita zile zile zitamchukua dakika kumi na ushee, kasi nusu, muda mara mbili, uniti zile zile, tena zinaweza kuzidi kidogo kwa sababu maji muda wote huo yanapoteza joto pembeni. Kwa jagi, wati chache hazikuokolei hata shilingi! Ukitaka kuokoa chemsha vikombe viwili unavyokunywa, usijaze jagi zima.

Wati chache zinaokoa kwenye vitu ambavyo muda wake umepangwa na wewe, sio na kazi yenyewe. Taa. Usiku ni usiku, utaiwasha saa tano iwe ni ya wati ngapi. Ile balbu ya zamani ya wati 60, saa tano kila siku kwa siku 30, uniti 9. Ya LED ya wati 9 mwanga karibu ule ule, uniti 1.35. Weka taa sita uone. Kwa wale wa bei nafuu ya mwisho uniti 75 kwa mwezi, balbu za zamani sita peke yake zinakula uniti 54 kabla hujachomeka friji.

Jiko la presha la umeme nalo linaogopwa bure. Limeandikwa wati 1000 basi mtu anasema maharage saa nzima, uniti nzima, bora mkaa. Lakini lile likishafika presha linakata lenyewe, linakaa kimya, linawaka tena kidogo, linakata. Muda mwingi limezima. Maharage yangu ya kilo nusu hayafiki nusu uniti. Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe huko mwaka 2034, na mi naona hawa wauzaji wa majiko wangebandika uniti za maharage kwenye boksi badala ya wati peke yake, wangeuza mara mbili.

Kuna mitego mingine kwenye maboksi. Kiyoyozi kinauzwa kwa BTU, 12,000 BTU ukibadilisha unapata kama wati 3,500, na mtu anazimia, anasema hii itamaliza mshahara. Zile ni wati za joto ambalo kinalitoa nje ya chumba, umeme wenyewe kinachovuta ni kama wati 1,000 hadi 1,200, soma stika ya pembeni sio maandishi makubwa. Pampu inauzwa kwa hospawa, moja ni wati 746, ya nusu ni 373. Na hii ni nongwa ya James Watt mwenyewe, Mskoti wa injini za mvuke, alikuwa anauzia watu waliozoea farasi, ikabidi awapimie kwa farasi ndo waelewe injini yake inafanya kazi ya farasi wangapi. Alifariki 1819, jina lake likaja kupewa kipimo mwaka 1882, wakati yeye mambo ya umeme hayakuwa yake kabisa. Volta wa volti angalau alitengeneza betri, mwaka 1800 ndo aliitangaza.

Nirudi uchochoroni sasa. Magazeti yanaandika bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115 (megawati moja ni wati milioni moja), mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, afu aya inayofuata laini ya kilovolti 400, yaani volti laki nne, kwenda Chalinze, na kwenye comment unakuta mtu analalamika, mbona wanazalisha 2,115 wanasafirisha 400 tu, nyingine zinaenda wapi? Ndugu yangu hazijaibiwa. Ile ya kwanza ni mzigo wote, ile ya pili ni uzito wa gunia. Fikiria kama wangesafirisha hizo megawati zote kwa volti 230 kama za sebuleni kwako, ingehitajika ampia milioni 9 na zaidi, hakuna waya duniani wa kupitisha hiyo, na joto linalopotea njiani linapanda kwa ampia zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Kwa kilovolti 400 ni ampia kama elfu tatu kwa kila fezi, na laini ina fezi tatu, yaani njia tatu za waya zenye umeme. Mzigo ule ule, makuli wachache, magunia mazito. Kadiri unavyosogea mjini wanashusha gunia, kilovolti 220, 132, 33, 11, mpaka transfoma ya mtaani kwako inatoa volti 400 tu kati ya fezi na fezi, na volti 230 kati ya fezi na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ndo inaingia ndani.

Wakongo walijenga laini ya kilovolti 500 kutoka Inga mpaka Kolwezi kwenye migodi ya shaba, kilomita kama 1,700, ikaanza kazi 1982. Kenya wanaletewa umeme wa Ethiopia mpaka Suswa kwa kilovolti 500 vile vile, laini ya megawati 2,000, kilomita elfu moja na kitu. Njia ndefu, volti kubwa, sababu ni ile ile.

Na sababu hiyo hiyo inakuja mpaka kwenye sola yako ya bati la nyuma. Mtu anataka inveta ya wati 1000 kwenye betri ya volti 12, gawa, ampia 83, ongeza na upotevu wa inveta yenyewe unafika 90 na zaidi. Hizo ni mara kumi ya ampia za jagi zima! Na fundi wake kamfungia na waya wa soketi. Nimefungua boksi moja, waya umekaukiana na plastiki yake imebanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa, na mwenye nyumba analalamika inveta inapiga kelele ya betri imeisha wakati betri imejaa. Betri imejaa kweli, ila volti zinapotelea kwenye waya, inveta inaona 10 na kitu inasema zimeisha. Ukitaka kuvuka wati 1000 panda volti 24, ukifika 3,000 nenda 48, hapo waya unapumua.

Kwenye betri usikubali kuambiwa Ah, yaani ampia-saa, peke yake. Ah mia mbili, Ah mia mbili, za volti ngapi? Betri ya 12V 200Ah ina wati-saa 2,400, na ya 24V 100Ah nayo ina 2,400, zinalingana, lakini dukani ile ya kwanza inatajwa kama ni kubwa mara mbili. Na kama ni zile za maji au jeli usipange kuitumia zaidi ya nusu, itakufa mapema.

Paneli nayo ina siri yake. Ile ya wati 100 inayoitwa ya volti 12, kwenye jua kali inafanya kazi yake vizuri ikiwa kwenye volti kama 18 na ampia 5 na nusu, hapo ndo unapata hiyo 100. Ukiiunganisha na betri kwa kontrola (kile kiboksi kinachosimamia kuchaji betri) ya bei rahisi ya PWM, ile inaivuta paneli ishuke mpaka volti za betri, sema 13, ampia zinabaki zile zile 5 na nusu, 13 mara 5.5 ni wati 72. Ishirini na nane zimekwenda na mtu anasema paneli ni feki. Kontrola ya MPPT inabadilisha zile volti za ziada kuwa ampia, ndo maana bei yake iko juu, ila kwa paneli moja ndogo ya taa mbili na chaja sikushauri uinunue, hela hairudi.

Pawabenki mnaijua, 20,000mAh, hizo ni kwa volti 3.7 za betri ya ndani, piga hesabu ni wati-saa 74. Mashirika ya ndege yanakuruhusu mpaka 100 bila kuomba ruhusa, ukiwa na ya 20,000 uko salama, ya 30,000 ni 111, hiyo wanaweza kuizuia uwanjani. Chaja za kasi nazo ni mambo ya Rufiji tu, badala ya kujaza ampia kwenye kile kiwaya chembamba wanapandisha volti, 5 kwenda 9, laptopu 20, wati 65 zinapita kwa ampia tatu na robo.

Mwisho VA, hii inawapiga hata wasomi. UPS imeandikwa 650VA kwa maandishi makubwa mbele, nyuma kwa herufi za sisimizi 360W. Volti mara ampia ndio ni VA, lakini kwenye vitu vyenye mota na vifaa vya elektroniki volti na ampia haziendi hatua moja, kuna ampia zinakuja na kurudi bila kufanya kazi, uchochoro unazihesabu lakini stoo haipokei kitu. Kwa iyo kompyuta na skrini zikila wati 400 hiyo ya 650 itazimika umeme ukikatika, hata kama 400 ni ndogo kuliko 650. Angalia W. Jenereta za dizeli zinaandikwa kVA, zidisha kwa 0.8, ya kVA 10 itakupa kilowati 8, na kama kuna friza au pampu acha nafasi kubwa, mota ikianza inavuta mara kadhaa ya ile iliyoandikwa kwenye stika.

Wenye mashine za kusaga na za kukamua alizeti, za fezi tatu, hesabu yenu ina kipeuo cha pili cha tatu (1.73) ndani yake, hii ya kwangu ya volti mara ampia ukiitumia kavu kavu itakudanganya. Nitumieni picha ya stika ya mota, ionekane vizuri jamani, futa unga kwanza.